Kifaranga Kilichotemewa Mate

Masalu alikuja mchana wa jua kali, kofia mkononi, na ndani ya kofia kifaranga cha kuku. Milembe alikuwa kivulini nyuma ya nyumba, kompyuta mapajani, akipambana na kazi ya likizo aliyopewa chuoni. Alidhani jirani yao anamtafuta mama. Masalu akamwamkia, "Mwadila, mayu," akachuchumaa mbali kidogo na kungoja.

Hilo neno mayu, yaani mama, lingemshtua mtu mwenye akili zake. Masalu ni mtu mzima, alimfahamu Milembe tangu anatambaa, na siku zote alimwita mwanangu. Leo anamwamkia kama mama wa watu. Lakini Milembe, na miaka yake mitatu ya kusomea fedha za kimataifa, hakuona kitu. Wasomi wetu ndivyo walivyo. Shilingi ikijikuna tu huko Dar wanasikia, jirani akibadilisha salamu hawasikii.

Masalu alikuwa na swali moja. Pamba ya mwaka huu aipeleke ghalani sasa hivi, au aifungie ndani angoje bei ipande? Mkewe alikuwa mjamzito, mimba ya kwanza kukaa baada ya kusubiri kwa miaka, na alitaka mambo yake yanyooke kabla mtoto hajaja.

Kwamba swali hilo lilimjia Milembe, lawama zote ni za Mboje, baba mkubwa wa Milembe, dalali wa ng'ombe mnadani. Mwaka uliopita Milembe alikuwa nyumbani, wanakula mihogo, akasema kwamba kwa anavyosoma mambo, shilingi itapata nguvu kabla ya Krismasi, na anayewauzia ng'ombe Wakenya afanye mapema. Mboje akauza mapema kwa mzaha tu. Ikawa kama alivyosema. Tangu hapo Mboje hakufunga mdomo. Kuanzia Kasoli mpaka Sapiwi alitia chumvi, kwamba binti wa mdogo wake alifumba macho akataja mwezi. Hakufumba macho. Alikuwa anatafuna mhogo.

Chumvi hiyo isingekolea kama si marehemu babu yake Milembe. Mzee Ndalahwa alikuwa nfumu, mtazamaji wa vifaranga. Mtu mwenye swali alitemea mate kifaranga, akamletea, naye alikipasua na kusoma ndani. Alipokufa hakuna aliyerithi. Mwanawe Paschal, baba yake Milembe, alibatizwa, na wakati huu alikuwa Meatu na ng'ombe kwenye malisho. Mkwewe Esteria, mama yake Milembe, ni mwanakwaya. Watu walibaki wanasubiri kazi ya mzee imwangukie nani, na hapo ndipo mjukuu wake akaenda mbali kusomea namna ya kujua ya kesho.

Na kweli ndicho alichokuwa anafanya mchana ule. Mwalimu wao, Dokta Danford, alimtaka kila mwanafunzi achague zao moja la kwao, atabiri bei yake itaelekea wapi miezi michache mbele, na aeleze kwa nini. Milembe alichagua pamba. Majibu alikuwa nayo. Bei ya dunia ilikuwa inalegea, na shilingi ilikuwa inapata nguvu dhidi ya dola, maana yake mnunuzi wa nje akileta dola zilezile, huku zitageuka shilingi chache zaidi. Mambo mawili yanavuta upande mmoja.

"Uza mapema," alimwambia Masalu. "Bei itashuka."

Alifurahi, tusifiche. Chuoni alikuwa mmoja kati ya wengi, nyuma ya darasa, na hapa mtu mzima amechuchumaa mbele yake kwa heshima. Masalu akaweka kifaranga chini, akashukuru, wabeja, akaenda zake. Milembe alidhani ni zawadi. Kifaranga kikaingia uani kuokota punje pamoja na kuku wa mama.

Jioni Bibi Nyanjige, mjane wa mzee Ndalahwa, alitoka jikoni akifuta macho yake mekundu ya moshi, akakiona. Kilikuwa na rangi ambayo kuku wa nyumbani kwao hawana. Akauliza kimetoka wapi, akaambiwa. Akauliza tena kama Masalu alikitemea mate. Milembe akasema hajui, labda, kilikuwa na unyevunyevu bawani.

"Umekipokea na hukukipasua?"

"Bibi, mimi sipasui kuku. Nimemjibu swali lake."

Bibi alivuta kigoda, akakaa. Kisha akaeleza, kwa sauti ya chini ili Esteria asisikie, kwamba kifaranga cha namna hiyo hakirudishwi wala hakifugwi. Mate ya mtu ni mtu mwenyewe. Ukikipokea umempokea yeye na shida yake, na usipokipasua shida yake inaendelea kutembea uani kwako. Likimpata lolote, ataanza kuuliza hapo alipokiacha. Akaongeza jambo jingine, na Milembe akalisikia kwa sikio moja tu. "Babu yako hakutaja jina la mtu hata siku moja. Alitaja upande. Jina walijimalizia wao."

Milembe alicheka. Akambusu bibi yake shavuni, akarudi kwenye kompyuta.

Wiki hiyo wakaja wengine. Mihayo alileta chake, akaja Mabula na chake, wakaja wanawake wawili kutoka upande wa barabara. Wote walichuchumaa, wote wakaambiwa uza mapema, wote wakaacha vifaranga. Esteria aliona baraka tu, kuku wameongezeka bila kununua. Milembe alijaribu kuwakatalia wawili wa mwisho, lakini waliviachia vifaranga langoni na kugeuka upesi, kama watu wanaotua mzigo.

Aliyemsikiliza bila kifaranga ni mmoja, Mayu Elina, mjane aliyekaa peke yake ng'ambo ya shamba, upande wa machweo. Ukisimama uani kwao hakuna nyumba nyingine unayoiona upande huo. Ndiye aliyemfundisha Milembe kuhesabu alipokuwa mdogo, kwa mbegu za pamba zilizopangwa juu ya ungo. Alikuja kusalimia, akamuuliza Milembe kama mtu anavyomuuliza mwalimu, akauza pamba yake yote juma la kwanza la ununuzi. Nyasi za paa zikashuka, mabati yakapanda. Jioni jua likiyapiga, yalimulika mpaka huku uani.

Masalu hakuuza. Yeye na wale wengine walioleta vifaranga waliona jibu halijakamilika. Nfumu asiyepasua hajasema. Wakazifunga nyumba zao zimejaa pamba, wakakaa kungoja Milembe afanye kazi yake, na Milembe akakaa kungoja watu wauze kama alivyowaambia. Kila upande ulimwona mwenzake ana akili.

Bei ikashuka. Haikuanguka siku moja, ilishuka kidogo kidogo, kila wiki ghalani wakisikia mpya, mpaka ikakaa palepale Milembe alipoandika kwenye kazi yake. Siku hiyohiyo Dokta Danford alimtumia ujumbe wa simu kumpongeza. Utabiri wake ndio uliokaribia zaidi darasa zima. Milembe aliusoma mara mbili. Kisha akaizima simu, kwa sababu nje alisikia wanawake wakipita na kilio. Mke wa Masalu ameharibikiwa na mimba.

Hapo ndipo mambo yalipobadilika, na yalibadilika bila kelele. Asubuhi iliyofuata Bibi Nyanjige alikwenda kisimani, wanawake wote wakampisha. Walirudi nyuma na ndoo zao, wakamwacha achote peke yake, na hakuna aliyemwamkia mwangaluka. Bibi alirudi na ndoo yake, akaitua, akasema, "Wameanza." Hofu ikamwingia Milembe kweli.

Jioni Mboje alikuja, safari hii bila maneno yake ya mnadani. Alisema kilabuni watu wanazungumza. Wanasema anayeona bei itashuka bila kupasua kuku haoni, anaishusha. Wanasema msichana mdogo hana nguvu hiyo, kuna mkubwa nyuma yake anayempa. Wanasema macho mekundu namna ile si ya moshi tu, na ya Bibi Nyanjige ni mekundu tangu lini? Mboje alipofika hapo alishindwa kuendelea, kwa sababu huyo ni mama yake mzazi. Miaka ya nyuma, wakati yeye ni kijana, aliwahi kuona kikongwe mmoja amelazwa kwenye mlango wa nyumba yake, na panga lilikuwa limekwisha kupita. Hakutaka kuona tena.

"Waite waje," Milembe akasema. "Nitawaeleza bei inavyokwenda. Wakielewa, wataacha."

Alisema hivyo kwa moyo mweupe, na hapo ndipo ninapomwonea huruma. Aliamini kwamba jambo likielezwa vizuri linakwisha.

Wakaja alasiri, wanaume kama kumi hivi, wakakaa uani kwenye magogo na viti vya kanisani alivyoazima Esteria. Vifaranga, sasa vikubwa kidogo, vilipita katikati ya miguu yao, na kila aliyeleta alikitazama chake. Milembe alisimama. Alieleza kuhusu dola na shilingi kwa Kisukuma, akichanganya Kiswahili pale maneno yalipokwisha. Akaeleza kwamba bei ya pamba haipangwi Bariadi wala Dar. Inapangwa New York, Marekani, mbali sana huko magharibi, na watu wanaoinunua na kuiuza kwenye kompyuta.

Masalu aliinua mkono. Alikuwa amekonda. Akauliza taratibu, bila ukali wowote.

"Hao watu wanaifahamu pamba yetu?"

"Hawajawahi kuiona."

"Lakini wakiuza, yetu inashuka."

"Wakiuza kwa wingi, ndiyo."

"Wanauza pamba gani, kama hawana?"

Hapa Milembe angeweza kudanganya. Angesema wana mashamba makubwa, mambo yakaisha. Lakini alikuwa mwanafunzi mzuri, na swali lilikuwa zuri. Akaeleza kwamba mtu anaweza kuuza leo pamba asiyo nayo, kwa ahadi, halafu ainunue kesho ikiwa imeshuka, na kile kinachobaki katikati kikawa chake. Kadiri inavyoanguka ndivyo anavyopata.

"Kwa hiyo yupo mtu anayekula mimi nikianguka," Masalu akasema.

"Yupo."

"Hanijui, na sijamkosea."

"Hakujui kabisa."

"Na mayu umekwenda kusomea hayo."

Milembe aliyasikia maneno yake mwenyewe yakimrudia. Mtu asiyeonekana, hujamkosea, anakaa mbali, anafurahia kuanguka kwako, na yapo mafunzo ya kuwa kama yeye. Watu wale walikuwa wanamfahamu mtu huyo tangu kabla chuo hakijajengwa, na walikuwa na jina lake. Wengine walianza kumtazama Bibi Nyanjige, aliyekaa mlangoni mwa jiko akichambua maharage kana kwamba hayupo.

Mboje alimvuta Milembe pembeni ya nyumba. Akamwambia wazi kwamba iko njia moja tu, nayo ni ndogo. Nyumba ya mchawi watu wanaivunja, nyumba ya nfumu wanaiogopa. Akipasua kifaranga cha Masalu hapa mbele ya wote, basi alikuwa anaona tangu mwanzo, ni mjukuu wa Ndalahwa, na mama yake Mboje atakuwa mjane wa nfumu kama alivyokuwa siku zote. Asipopasua, hawa wataondoka na jibu lao wenyewe.

"Niseme nini nikishapasua?"

"Sema chochote. Sema bei itapanda mwakani."

Milembe akatazama jikoni. Bibi yake alikuwa bado ana maharage yaleyale mkononi. Akapiga moyo konde, akaingia ndani, akatoka na kisu cha jikoni. Esteria alianza kusali kwa sauti chini ya dirisha; hakumzuia.

Masalu mwenyewe alikikamata kifaranga. Alikijua hata baada ya wiki zote hizo. Kabla ya kukitoa alikitemea mate upya na kukinong'oneza, midomo karibu na kichwa chake, kwa muda mrefu. Milembe alikipokea. Kilikuwa na moto, na moyo wake ulikuwa unakwenda mbio kwenye kiganja. Alikuwa amesaidia kuchinja kuku wengi wa Krismasi, akajiambia huyu ni kuku tu. Akakata. Akafungua. Ndani palikuwa na vile vilivyo ndani ya kuku, vidogo, vinang'aa.

Alikuwa ameandaa sentensi yake kuhusu bei ya mwakani, lakini Masalu alimwahi.

"Sijauliza bei," alisema. "Bei imekwisha. Nimeuliza nani."

Wanaume wote waliinama mbele. Milembe alihisi damu ya kifaranga inapoa kwenye vidole. Alijua kwamba macho yake yakisogea tu kuelekea jikoni, bibi yake amekwisha. Akayakaza kwenye kisu. Akatafuta jambo ambalo si uongo na halimgusi mtu, na likaja lenyewe, jambo lilelile alilowaeleza muda mfupi uliopita.

"Hayupo hapa uani," akasema. "Hayupo katika nyumba hii. Ni mtu wa mbali."

"Upande gani?"

"Magharibi. Mbali sana, ng'ambo."

"Ng'weli," Masalu akarudia kwa Kisukuma, polepole, kama mtu anayepokea kitu cha kuvunjika. "Ng'ambo."

Akasimama. Wengine wakasimama. Hakuna aliyepaza sauti. Walimshukuru mmoja mmoja, wabeja mayu, wabeja, na mzee mmoja akampungia mkono hata Bibi Nyanjige na kumuulizia hali ya miguu yake. Milembe alishusha pumzi ndefu. Alimwona Mboje akitabasamu, naye akatabasamu. Nimemwokoa, alisema moyoni, na alisema kweli.

Kisha akaona kwamba hawaondoki. Walikuwa wamesimama mwisho wa ua, wamepanga mstari bila kupangwa, wametazama upande mmoja. Jua lilikuwa linazama. Ng'ambo ya shamba, pale ambapo hakuna nyumba nyingine, mabati mapya ya Mayu Elina yaliwaka yote. Mjane anayeishi peke yake. Aliyeuza pamba kabla haijashuka, peke yake kati yao wote, bila kuleta kifaranga.

"Siyo hapo," Milembe akasema. Kisu kilikuwa bado mkononi. "Nimesema New York. Marekani. Baba Masalu, nimesema mbali, ng'ambo ya bahari."

Masalu aligeuka, akamtazama kwa huruma kubwa. Akamwambia asihangaike. Walijua kwamba nfumu hataji jina, na hata mzee Ndalahwa alikuwa hivyohivyo, akishasema upande alianza kukana. Kazi yake imekwisha, sasa apumzike. Wakatoka mmoja mmoja, kila mtu kwa njia ya kwake, bila haraka.

Milembe alimkimbilia Mboje, akamshika shati, akamtaka awafuate awaambie. Mboje aliangalia chini. Akasema Elina ni mtu mzuri, na kwamba ataona la kufanya kesho, atampigia simu mwenyekiti wa kijiji, labda. Alikuwa amekwisha kuchagua mama yake, na nani angemlaumu? Milembe alimlaumu. Akamwacha, akapiga simu polisi Bariadi mjini. Aliyepokea aliuliza kama kuna mtu amedhurika. Milembe akasema bado. Akaambiwa likitokea lolote apige tena.

Aliporudi uani Bibi Nyanjige alikuwa amevaa kanga yake ya kutokea, fimbo mkono mmoja na blanketi limekunjwa begani.

"Unakwenda wapi, Bibi?"

"Kulala kwa Elina."

"Watakuja huko. Bibi, ni huko watakakokuja."

"Najua. Wakija, watukute wawili."

Alisema kama anayesema anakwenda kusaga. Akapita langoni, akashika njia ya katikati ya mabua ya pamba iliyovunwa, mgongo umepinda, akienda taratibu kuelekea kwenye yale mabati. Milembe aliyemtoa hatarini kwa damu ya kifaranga alimwona anairudia hatari kwa miguu yake mwenyewe. Akajua sasa, bila kompyuta wala kuku, nini kinakuja na kinatokea upande gani, na kwamba hakuna atakayemsikiliza.

Akaingia ndani mbio kuchukua blanketi lake. Alipotoka, Mabula alikuwa amesimama langoni, kofia imeinuliwa mbele kwa mikono miwili, na ndani ya kofia kifaranga kipya, manyoya ya kichwani yamelowa.

"Nilisubiri wamalize kwanza, mayu," alisema. "Langu ni dogo."

Milembe hakukipokea. Alimpita, akaanza kukimbia shambani akimwita bibi yake. Nyuma yake alimsikia Mabula akikiachia kifaranga uani, nacho kikaanza kulia.